Picha Nazo Zina Kwao

Kuna fundisho moja limeenea miongoni mwetu siku hizi, nami nimekusudia kulipinga katika kurasa hizi bila kumung'unya maneno. Fundisho lenyewe ni hili: kusanya picha zako zote, za kwako na za wazazi wako, za arusi na za mazishi, za kazini na za nyumbani, zimwage katika chungu kimoja ndani ya kompyuta, kisha iachie programu izipange yenyewe. Ukiihitaji picha, andika neno moja tu, nayo itakuja mbio kama mtoto aliyeitwa peremende. Wanaolihubiri fundisho hili ni vijana wetu wapenzi, mafundi wa kompyuta wa mitaani, na makampuni makubwa ya ng'ambo ambayo hayapati hasara yoyote sisi tukivurugikiwa.

Mimi nasema fundisho hilo ni potofu. Picha, kama alivyo mtu, ina kwao. Ina aliyeipiga, ina aliyepigwa, ina aliyeitunza, na ina sababu iliyoifanya itunzwe. Ukiitoa kwao ukaitupa katika kundi la picha elfu ishirini zisizojuana, huwi umeipanga. Umeifanya yatima. Na yatima huyo hata akiwa na sura nzuri namna gani, hakuna atakayeweza kumtajia ukoo wake.

Msomaji wangu, hebu tuanze na albamu za zamani, zile za karatasi nyeusi na pembe za kubandikia. Waliozitengeneza hawakuwa na elimu ya maktaba, lakini walijua jambo tunalolisahau. Albamu ya shangazi ilikuwa ya shangazi. Albamu ya chama cha mpira ilikuwa ya chama. Hapana mtu aliyethubutu kuchomoa picha katika ya kwanza akaibandika katika ya pili kwa kuwa eti zote ni picha. Mgongoni mwa picha paliandikwa kwa kalamu ya wino: nani, wapi, mwaka gani, na aghalabu salamu za mpelekaji. Mara nyingi palikuwa na muhuri wa studio pia, na muhuri ule ulikuwa ushahidi. Unguja, kwa mfano, ipo Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Ukikuta jina la studio kama hiyo mgongoni mwa picha ya babu, umekwisha kujua mji, na mara nyingine waweza kukisia na miaka. Habari zote hizo zilikaa pamoja na picha, na picha ilikaa pamoja na wenzake.

Wataalamu wa nyaraka wanayo kanuni juu ya jambo hili, wala si kanuni ya jana. Mwaka 1841, huko Ufaransa, Natalis de Wailly wa Wizara ya Mambo ya Ndani alitoa waraka kwa watunza nyaraka wa majimbo akiwaagiza kwamba karatasi zilizotoka kwa idara moja, familia moja au mtu mmoja zikae pamoja, wala zisichanganywe na za mwingine hata kama zinazungumzia jambo lilelile. Kabla ya hapo walikuwa wakizichambua kwa mada: za kodi huku, za ardhi kule. Ilionekana kwamba ukifanya hivyo unapata rundo lililopangika vizuri, lakini hujui tena nani alimwandikia nani, wala kwa nini. Kanuni hiyo ndiyo inayofuatwa na nyumba za nyaraka duniani hata leo.

Ushahidi wa jinsi kanuni hiyo inavyofaa unatuhusu sisi wenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, Marekani, umo mkusanyo wa picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za kati ya mwaka 1860 na 1960. Ulikusanywa na Mwingereza mmoja, Humphrey Winterton, na chuo kiliupata mwaka 2002. Ndani yake mna albamu za watu mbalimbali, na picha zimeorodheshwa kwa namna ambayo mtazamaji anaweza kujua kila moja imetoka katika albamu gani. Kwa nini wasumbuke hivyo, na hali kompyuta zao ni kubwa kuliko zetu? Kwa sababu picha ya bandari iliyobandikwa na ofisa wa serikali ya kikoloni haisemi maneno yaleyale na picha ya bandari iliyobandikwa na mfanyabiashara au mmisionari. Maji ni yale, jahazi ni lile, lakini jicho ni jingine. Ukizichanganya unabaki na jahazi, na jicho umelipoteza.

Basi, kama wageni wanaziheshimu picha zetu kiasi hicho, inakuwaje sisi wenyewe tuzimwage chunguni?

Nisije nikaeleweka vibaya. Sizichukii programu za kupangia picha. Nazitumia, na nawasihi wengine wazitumie. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Tanga, na kwa kuwa nina kompyuta na nina muda, watu huniletea picha zao niwasaidie kuziskani na kuzipanga. Ninazo za ukoo wetu, za shule niliyofundisha, za majirani wawili, na zangu binafsi. Bila programu nisingeweza. Ninachokipinga ni tamaa ya kuzifanya zote kuwa moja, na uvivu unaojivika joho la maendeleo.

Kwa faida ya wasiozijua, programu hizi hufanya kazi kama karani na daftari lake. Faili za picha hukaa katika majalada ndani ya diski, na programu huandika katika daftari lake: picha fulani iko mahali fulani, imepigwa tarehe fulani, imepewa lebo fulani, imewekewa nyota tatu. Unachokiona katika kioo ni ukurasa wa daftari, si ghala lenyewe. Sasa, karani huyu ana uwezo wa kutunza maghala mengi bila kuyachanganya. Katika digiKam, ambayo hutolewa bure na hukubali kompyuta za aina nyingi, unaweza kuitajia programu mikusanyo kadhaa: mmoja katika diski ya ndani, mwingine katika diski ya kuchomeka, mwingine katika mtandao wa ofisini. Kila mmoja hukaa kwake, na bado unaweza kutafuta katika yote kwa pamoja. Katika Lightroom ya Adobe unaweza kufungua daftari tofauti kwa kila kazi. Kwa hiyo mtu asinijie na udhuru kwamba ati programu ndiyo iliyomlazimisha. Programu ilimpa vyumba. Yeye ndiye aliyebomoa kuta.

Sasa nieleze madhara ya chungu kimoja. Nitataja manne.

La kwanza ni uongo wa tarehe. Chungu hupangwa kwa siku, kwa sababu tarehe ndiyo kitu rahisi zaidi kwa mashine kukisoma. Kamera huandika tarehe ndani ya faili, na kwa picha zilizopigwa na kamera hiyo hiyo jambo hili lafaa. Lakini picha ya arusi ya mwaka 1961 ukiiskani leo, faili yake huzaliwa na tarehe ya leo. Usipoirekebisha kwa mkono wako, bibi arusi wa 1961 atakaa kati ya picha ya risiti ya umeme na picha ya samaki uliyemnunua juzi. Picha za WhatsApp nazo ndizo balaa zaidi. Ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ukubwa, habari zake za ndani hufutwa, na katika simu nyingi hupewa jina lenye tarehe ya kupokelewa. Jina kama IMG-20210305-WA0007 halikuambii kwamba picha ilipigwa tarehe 5 Machi 2021. Linakuambia kwamba siku hiyo ndiyo ilipoingia katika simu. Picha za namna hii zikikaa katika mkusanyo wao, ukiwa umeandika juu yake "zilizopokelewa", unajua la kufanya: hutaziamini tarehe. Zikimwagwa chunguni pamoja na zile zenye tarehe za kweli, uongo na ukweli hukaa mkeka mmoja, na baada ya miaka kumi hakuna atakayejua kipi ni kipi.

La pili ni uongo wa nyuso. Tunaambiwa mashine hutambua nyuso, hivyo hatuna haja ya kuandika majina. Mwaka 2015, mara tu baada ya huduma ya Google Photos kuanzishwa, fundi mmoja wa kompyuta huko Marekani, mtu mweusi, alikuta mashine imewaandika yeye na rafiki yake kuwa ni sokwe. Kampuni iliomba radhi. Ilipofika mwaka 2018 ikafahamika kwamba dawa iliyopatikana ilikuwa kulifuta neno lenyewe katika maneno ambayo mashine inaruhusiwa kuyataja. Sitaji jambo hili kwa kupenda kulalamika. Nalitaja ili tujiulize: karani wa namna hii ndiye tunayemkabidhi bibi na babu zetu atupangie, wala hatutaki hata kusimama nyuma yake kumkagua? Na tuseme mashine zimeboreka, na kwa kweli zimeboreka. Bado mashine huona pua na macho. Haioni kwamba yule mama wa kushoto ni mke mwenza wa yule wa kulia, kwamba mtoto aliyepakatwa si wa aliyempakata, wala kwamba nafasi iliyoachwa wazi katikati ilikuwa ya marehemu. Mambo hayo huyajua wenye mkusanyo, na huyaandika katika mkusanyo.

La tatu ni kukosa stara. Hapa nazungumza hasa na watu wa pwani, lakini wa bara nao watanielewa. Katika arusi zetu kuna shughuli za wanawake peke yao ambamo simu hukatazwa mlangoni, au picha hupigwa na mwanamke maalumu kwa makubaliano kwamba zitabaki kwa wahusika. Kadhalika kuna picha za mgonjwa katika siku zake za mwisho, ambazo familia huzitunza lakini hazitandazwi barazani. Kuna picha za watoto wa shule ambazo mzazi alikubali zitumike shuleni tu. Kila moja ya hizi ilitolewa kwa ruhusa yake. Ruhusa haiandikwi usoni mwa picha. Inakaa katika mkusanyo: picha hizi ni za kina mama, hizi ni za ndani, hizi ni za shule. Bomoa kuta, na ruhusa zote zimepotea kwa siku moja. Kisha siku ya Idi unaunganisha kompyuta na televisheni sebuleni ili wageni watazame "kumbukumbu", picha zinapita zenyewe moja moja, na mbele ya wakwe zako anatokea mtu aliyevuliwa ushungi. Utamlaumu nani? Kenya ilitunga sheria ya kulinda data binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Ni jambo jema. Lakini sheria haitaingia sebuleni mwako siku ya Idi, na heshima ya mtu ikishavunjwa haiungwi na hakimu.

La nne ndilo linaloniuma kuliko yote, nalo ni kuua nakala. Programu nyingi zina kitendo cha kutafuta picha zilizofanana na kufuta iliyozidi, ili nafasi isijae. Katika picha za simu, ambapo mtu amebonyeza mara tano kwa sekunde mbili, kitendo hicho kina maana. Lakini sikiliza kilichotokea katika familia moja ninayoifahamu. Ndugu wawili waliachana zamani, mmoja akabaki Pangani na mwingine akahamia Muscat. Kabla ya kuagana walipiga picha ya pamoja, zikasafishwa nakala mbili. Nakala ya Pangani ilikaa safi katika fremu. Nakala ya Muscat ilirudi miaka mingi baadaye, imechakaa, na pembeni mwake yule ndugu alikuwa ameandika kwa mkono majina ya watu wote tisa na maneno machache ya kumwombea mama yao. Zote mbili ziliskaniwa, kila moja katika mkusanyo wa nyumba yake. Kijana mmoja wa ukoo, kwa nia njema kabisa, akaiunganisha mikusanyo miwili kuwa mmoja na kuiagiza programu iondoe zilizojirudia. Programu ikalinganisha, ikaona sura ni zilezile, ikaiacha iliyo kubwa na safi, ikaifuta iliyochafuka. Karatasi yenyewe ilikwisha rudishwa kwa wenyewe Muscat, na wakati habari zilipogundulika ilikuwa haionekani tena. Majina tisa, na dua ya ndugu, vimekwenda kwa sababu mashine ilidhani ni uchafu.

Nakala mbili za picha moja katika nyumba mbili si kitu kimoja kilichojirudia. Ni barua mbili. Anayefuta moja kwa sababu ina sura sawa na nyingine ni sawa na mtu anayechoma barua kwa kuwa bahasha zinafanana.

Najua majibu ya wapinzani wangu, na ni haki niyaeleze. Wanasema kwanza kwamba picha moja yaweza kuwa na haki ya kukaa katika mikusanyo miwili. Picha ya mjomba aliyekuwa mwalimu, akiwa na wanafunzi wake, ni ya ukoo au ya shule? Swali zuri, na jibu lake ni jepesi: picha ina kwao kumoja, na ina safari nyingi. Kwao ni mkusanyo ilikotoka. Kama imetoka katika albamu ya mjomba, ikae katika mkusanyo wa mjomba, kisha uipe lebo ya shule. Ukitafuta shule utaipata, na ukiikuta utaona imetoka kwa nani. Lebo ni kama nauli, humwezesha mtu kutembea. Lakini nauli haibadilishi kabila la mtu.

Wanasema pili kwamba kutafuta kwa maneno kumemaliza haja ya kupanga. La hasha! Kutafuta humfaa anayejua anachokitafuta. Mjukuu atakayezaliwa mwaka 2040 hatajua kuandika jina la mtu ambaye hajapata kumsikia. Yeye atahitaji kufungua albamu na kuitazama toka mwanzo hadi mwisho, aone kwamba ukoo ulianzia hapa ukafika pale. Chungu hakina mwanzo wala mwisho.

Wanasema tatu kwamba kazi ni kubwa na maisha ni mafupi. Hapa tunakubaliana kuwa kazi ni kubwa. Lakini angalia vizuri ni kazi gani iliyo kubwa. Kutenga mikusanyo mwanzoni ni kazi ya siku moja: majalada matano, majina matano. Kazi isiyomalizika ni ya kutenganisha kilichokwisha kuchanganywa. Mchele ukiwa kwenye gunia lake na maharage kwenye lake, hapana kazi. Ukishavimwaga pamoja sakafuni ndipo utakapoijua kazi.

Baada ya chungu kimoja, kuna fundisho la pili lililo ndugu wa la kwanza: kwamba daftari la programu ndilo hazina, na likikaa kwenye kile wanachokiita wingu, yaani kompyuta za kampuni zilizoko mbali, basi limesalimika milele. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na katika mambo ya picha misala imepita mingi. Google ilinunua programu iitwayo Picasa mwaka 2004 na watu wengi wakaipenda kwa kuwa ilikuwa bure na nyepesi. Mwaka 2016 ikaachwa. Apple ilitoa Aperture mwaka 2005 kwa wapiga picha wa kazi. Mwaka 2014 ikatangaza kwamba haitaiendeleza, na mwaka uliofuata ikaiondoa sokoni. Flickr iliwakaribisha watu kwa miaka, halafu mwaka 2018 ikatangaza kwamba wasiolipa watabaki na picha 1,000 tu. Google Photos ilianza mwaka 2015 kwa ahadi ya nafasi isiyo na kikomo bila malipo kwa picha zilizopunguzwa ukubwa. Kuanzia tarehe 1 Juni 2021 ahadi hiyo ikakoma kwa picha mpya. Sisemi kwamba makampuni hayo ni ya wezi. Ni wafanyabiashara, na mfanyabiashara ana haki ya kufunga duka lake. Nasema tu kwamba mtu asiyekuwa na deni kwako asifanywe mtunza kaburi la babu yako. Rahisi ghali.

Programu ikifa, picha zenyewe mara nyingi hubaki. Kinachokufa ni kazi yako: lebo ulizoandika miaka mitano, majina, mpangilio. Ndiyo maana nasisitiza kwamba maelezo yaandikwe ndani ya faili ya picha, si katika daftari la programu peke yake. Njia ipo, wala si ya siri. Baraza la kimataifa la vyombo vya habari liitwalo IPTC, lililoundwa London mwaka 1965, liliweka utaratibu wa kuandika ndani ya picha maelezo, mahali, mpigaji na mwenye haki, ili magazeti yaweze kupelekeana picha bila kupoteza habari zake. Mwaka 2001 Adobe ilitoa namna mpya ya kuandika mambo hayo, inayoitwa XMP, na programu nyingi za leo huisoma. Katika mipangilio ya programu yako kuna mahali pa kuiagiza iandike maelezo ndani ya faili. Mara nyingi pamezimwa. Pawashe. Kisha picha inaweza kuhama kutoka programu hii hadi ile, kutoka kompyuta yako hadi ya mwanao, ikiwa imebeba majina yake mgongoni, kama zile za karatasi.

Na kwa kuwa hupaswi kumwamini karani yeyote mia kwa mia, weka katika kila mkusanyo faili moja ya maandishi ya kawaida, yale yasiyohitaji programu ya ajabu kuyafungua. Andika humo: mkusanyo huu ni wa nani, ulipokelewa lini na kutoka kwa nani, picha za asili ziko kwa nani, nani anaruhusiwa kuzitazama, na nani ataurithi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari ninalolisema mimi ni hilo, ambalo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kulisoma.

Kwa kifupi, ningependa kila nyumba ifanye mambo haya. Ipange mikusanyo kwa wenyewe, si kwa tarehe wala kwa mada: wa baba, wa mama, wa chama, wa kazi, wa zilizopokelewa kwa simu. Mgongo wa picha uskaniwe pamoja na uso wake, na faili hizo mbili zipewe jina moja, la kwanza likiishia na "a" na la pili na "b". Pasifutwe nakala ya mkusanyo mmoja kwa sababu ipo katika mwingine. Ndugu wa mbali akikutumia picha kwa WhatsApp, mwombe aitume kama hati na si kama picha, ili habari zake za ndani zisivuliwe njiani. Kila mkusanyo uwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Mpiga picha Peter Krogh amekuwa akiwafundisha wenzake kanuni hiyo tangu miaka ya 2000, nayo haijapata mshindani, kwani moto na mafuriko havichagui.

Lakini liko jambo ambalo hakuna programu inayoweza kutufanyia, nalo halingoji. Wanaojua majina ni wazee. Wale waliokuwa vijana siku ya Uhuru wa Tanganyika, mwaka 1961, sasa wana miaka themanini na zaidi. Kila mmoja wao akiondoka, nyuso kadhaa katika albamu zetu zinageuka kuwa za watu wasiojulikana, na hapana mashine duniani itakayozirudishia majina. Mzee ukimpelekea chungu cha picha elfu ishirini atachoka baada ya dakika kumi, atasema "Mwanangu, macho hayaoni," nawe utaondoka mikono mitupu. Mpelekee mkusanyo mmoja, wa watu wake, picha arobaini kwa mpangilio uleule wa albamu aliyoizoea. Utashangaa jinsi picha ya kwanza itakavyoivuta ya pili, na jina moja litakavyoliita jingine. Kumbukumbu ya mtu haikupangwa kwa tarehe. Imepangwa kwa jamaa, kwa mitaa, kwa safari, kwa misiba. Mkusanyo uliotengwa vizuri unafanana na kumbukumbu hiyo, na ndiyo maana huiamsha.

Kwa hiyo ndugu msomaji, anayekuambia umwage picha zako zote mahali pamoja ili upumzike, mshukuru kwa heshima, umwandalie chai, kisha usimpe diski yako. Fungua majalada yako jioni ya leo, uyape majina ya wenyewe. Halafu kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, chukua mkusanyo mmoja na kalamu, uende kwa mzee aliye karibu nawe. Muulize: "Huyu ni nani?" Naye akijibu, andika.